Mkufu wa Mathilde Loisel: tamaa ilikula faranga 400, aibu ikala zilizobaki

"Si mimi niliyeuza mkufu huu, bibi. Nadhani mimi nilitoa kijaluba chake tu."

Sonara aliyesema hivyo alikuwa amekwisha kupekua daftari zake. Mbele yake walisimama mume na mke waliougua kwa simanzi na wasiwasi, wameshika kijaluba cha satini nyeusi kisicho na kitu ndani. Walimsikia, wakatoka, wakaenda kwa sonara mwingine. Kwangu mimi hilo ndilo neno zito kuliko yote katika La Parure, hadithi fupi ambayo Guy de Maupassant aliitoa katika gazeti la Le Gaulois la Paris tarehe 17 Februari 1884, na ambayo sisi tumezoea kuiita "Mkufu". Wasomaji wengi hulipita neno hilo bila kugeuka. Nami nililipita kwa miaka.

Wanafunzi wengi huisoma hadithi hii shuleni, na jibu lake limekuwa kama kiitikio: Mathilde alikuwa na tamaa, tamaa ikamponza. Tamaa mbele, mauti nyuma. Sibishi kwamba alikuwa na tamaa. Ninachobishia ni hesabu. Kaa na kisa hiki, ushike kalamu, uandike kila faranga iliyotoka, siku iliyotoka na sababu iliyoitoa. Utakuta tamaa ya Mathilde ilikula faranga 400. Zile 36,000, na riba yake, na miaka 10 iliyofuata, zililiwa na kitu kingine. Tena aliyezitilia sahihi hakuwa Mathilde.

Nyumba ya mtaa wa Martyrs

Mathilde ni binti wa ukoo wa makarani. Hana mahari, na Ufaransa ya wakati ule ilikuwa kinyume na kwetu: mali ilitoka upande wa bibi harusi, na msichana asiye na mali hakuwa na njia ya kujulikana wala kuolewa na mtu wa hadhi. Basi akaozwa karani mdogo wa Wizara ya Elimu. Maupassant alilijua dawati hilo kwa kulikalia. Kabla kalamu haijampa riziki aliwahi kuwa karani katika Wizara ya Jeshi la Wanamaji, kisha katika wizara hiyohiyo ya Elimu, na ukisoma anavyowaeleza makarani wake utajua mtu huyu hakuwaona kwa dirishani.

Jioni wanakaa kwenye meza ya duara iliyotandikwa kitambaa cha siku tatu. Mume anafunua bakuli: "Ah! Mchuzi mzuri huu! Sijui kitu kilicho bora kuliko hiki." Ni nyama ya kuchemsha na mboga, chakula cha kila nyumba. Wakati huohuo mke anawaza vyombo vya fedha, mazulia ya ukutani, na samaki mwenye mnofu wa rangi ya waridi anaoula huku mwanamume fulani akimnong'oneza. Nampenda huyu mume kwa furaha yake ya mchuzi, lakini naona pia kwamba hajui anakula na nani. Hakuna anayemwambia mwenzake lililo moyoni. Ukimya wa nyumba hii ulianzia mezani, kabla mkufu haujatajwa.

Siku moja mume anarudi na bahasha, uso umemchangamka. Waziri wa Elimu na Bi. Georges Ramponneau wanawaalika Bwana na Bibi Loisel jioni ya Jumatatu, 18 Januari, katika jumba la wizara. Kadi hiyo aliitafuta kwa taabu, kwa maana kila mtu anaitaka na makarani hugawiwa chache. Mathilde anaitupa mezani. Atakwenda amevaa nini? Mume anataja lile gauni lake la kwendea tamthilia. Machozi mawili makubwa yanashuka taratibu.

Mume anauliza gauni la heshima, la wastani, litagharimu kiasi gani. Mathilde anafikiri sekunde chache, na mwandishi anatufungulia kichwa chake. Anapiga hesabu ya bei, na pia anapima ni kiasi gani anaweza kutaja bila karani huyu mbahili kuruka na kukataa. Anasema 400. Mume anasawajika kidogo, kwa sababu kiasi hichohicho alikuwa amekiweka anunue bunduki, ili kiangazi kijacho aende uwanda wa Nanterre na marafiki wanaowinda ndege wadogo siku za Jumapili. Hasemi neno juu ya bunduki. Anatoa fedha.

Hadithi haitaji mshahara wa Loisel, lakini Maupassant ametuachia kipimo kwingine. Katika Les Bijoux, aliyoitoa mwaka uliotangulia, karani mkuu wa Wizara ya Mambo ya Ndani analipwa faranga 3,500 kwa mwaka. Loisel yuko chini yake. Kwa hiyo gauni lile lilikuwa zaidi ya mshahara wa mwezi wa mtu aliyemzidi cheo. Ni fedha nyingi, na ni ubatili, nakubali. Ila na bunduki ile ilikuwa gauni lake yeye. Karani anayetaka kusimama Nanterre na silaha begani siku ya Jumapili, akipiga ndege wasiotosha hata mchuzi ule anaousifu, naye anataka kuonekana. Mmoja alipata alichotaka, mwingine akakosa. Huo ndio mwisho wa hesabu ya tamaa. Kisa kingekatika hapo, tungekuwa na karani asiye na bunduki na mke mwenye gauni zuri, na maisha yangeendelea.

Kuazima si kukopa

Gauni liko tayari, Mathilde bado amenuna. Hana kito hata kimoja. Mume anapendekeza maua: kwa faranga 10 atapata mawaridi mawili au matatu mazuri sana, na msimu huu ndiyo mtindo. Hataki. Hakuna kinachomdhalilisha mtu, anasema, kama kuonekana maskini katikati ya wanawake matajiri.

Hapo mume anapiga kelele: "Mjinga we! Nenda kwa rafiki yako Bi. Forestier ukaazime vito."

Fikra hiyo ilitoka kwake. Mathilde alikuwa ameacha kabisa kwenda kwa Jeanne Forestier, mwenzake wa shule ya masista, kwa kuwa kila akirudi kutoka kule alilia siku nzima kwa uchungu. Ndiyo kusema yule mtu ambaye Mathilde anaona aibu kuliko wote kuonekana mnyonge mbele yake ndiye huyo anayekwenda kumwomba. Shikilia hilo, tutalihitaji.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo Kifaransa cha kila siku huyaweka katika neno moja. Ukikopa kilo ya sukari kwa jirani, unakula ile, unarudisha nyingine. Ukiazima sufuria, unarudisha sufuria ileile, hata kama ya kwako ni nzuri zaidi. Siku hizi mitaani watu huchanganya, utasikia mtu akiomba aazimwe elfu kumi, lakini mzee yeyote wa Pwani atakutenganishia. Kila jambo baya katika kisa hiki linatokana na watu wawili walioazima kitu, kikapotea, wakaamua peke yao, kwa siri, kukigeuza deni.

Nina shangazi ambaye dhahabu yake imehudhuria harusi nyingi kuliko yeye mwenyewe. Anapokuazima, hukaa nawe kitandani, akahesabu bangili moja moja mkononi mwako, na kukwambia ipi dhahabu na ipi bandia. Wengine humwona mchoyo. Baada ya kusoma Maupassant nimemwelewa. Katika chumba cha Bi. Forestier hakuna aliyefanya hivyo. Alikwenda kwenye kabati lake la kioo, akaleta sanduku kubwa, akalifungua: "Chagua, mpenzi." Mathilde akajaribu bangili, lulu, msalaba wa Venice wa dhahabu na vito. Akauliza kama hakuna kingine. Mara akaona, ndani ya satini nyeusi, mkufu wa almasi. Mikono ikamtetemeka. "Unaweza kuniazima huu, huu tu?"

"Naam, bila shaka."

Jibu lilikuja upesi mno. Mwenye kitu cha faranga 40,000 humeza mate kwanza. Sheria ya Ufaransa yenyewe, ile ya Napoléon ya mwaka 1804, inatofautisha kuazima na kukopa, na katika kifungu cha 1883 inasema kitu kikitajiwa thamani wakati wa kuazimwa, hasara yake humwangukia aliyeazima hata kama ni ajali. Kutaja thamani ni sentensi moja tu. Jeanne hakuisema kwa sababu kwake kilikuwa kitu kidogo, naye Mathilde hakuiuliza kwa sababu kuuliza bei ni alama ya mtu asiye nacho.

Usiku wenyewe sitaukalia. Alipendeza kuliko wote, wanaume walimtazama na kuuliza jina lake, waziri akamwona. Mume alilala tangu saa sita ya usiku katika chumba kidogo pamoja na waume wengine watatu. Saa kumi alfajiri wakaondoka.

Ninaloomba ulitazame ni jinsi walivyoondoka. Mume anamtupia mabegani nguo za kujikinga baridi, nguo zao za siku zote, ambazo umaskini wake unagombana na gauni la dansi. Wanawake wengine wanajifunga manyoya. Mathilde anataka kukimbia wasimwone. Loisel anamwambia asubiri, atapata baridi, yeye ataita gari. Hasikilizi, anashuka ngazi mbiombio. Nje hawapati gari, wanatembea hadi kando ya mto Seine wakitetemeka, na huko wanaokota moja ya yale magari makuukuu ya farasi yanayoonekana Paris usiku tu, kana kwamba mchana yanaona haya. Nyumbani anasimama mbele ya kioo ajitazame mara ya mwisho. Shingo tupu.

Mume anamuuliza: ulikuwa nao ulipotoka? Ndiyo, anajibu, niliugusa nikiwa ukumbi wa mlangoni.

Basi haukupotea akicheza. Wakati waziri anamtazama ulikuwepo. Ulipotea katika mwendo wa kukimbia macho ya watu kwa ajili ya shali. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema, na hapa ilikuwa na zaidi: alichoazima kilikuwa shingoni kinang'aa, cha kwake mwenyewe ndicho kilichomtia haya.

Mistari michache ya barua

Asubuhi ile Loisel alirudi njia yote kwa miguu. Akaenda makao makuu ya polisi. Akaenda kwenye magazeti kutangaza zawadi. Akaenda kwenye kampuni za magari madogo ya farasi. Kila palipokuwa na chembe ya tumaini alifika. Jioni akarudi, uso umebonyea, akamwambia mkewe: mwandikie rafiki yako kwamba umevunja kishikizo cha mkufu na unautengeneza. Tutapata muda wa kupumua.

Mathilde akaandika, mume akimsomea maneno.

Hapa nasimama, na nikifundisha hadithi hii hapa ndipo kipindi huniishia. Orodhesha watu ambao Loisel aliwaambia siku ile kwamba mkufu umepotea. Polisi. Wahariri. Wenye magari. Paris nzima ingesoma tangazo lake. Aliyebaki bila kuambiwa ni mmoja, naye ndiye mwenye mali. Jibu la kitendawili chote lilikuwa kwa mtu huyo, bure, na lingetolewa kwa sentensi ileile aliyoitoa miaka 10 baadaye.

Wanafunzi hunijibu kwamba waliogopa kuitwa wezi. Kweli, hadithi inasema hivyo: baadaye, siku ya kurudisha, Mathilde anajiuliza kama Jeanne akigundua kubadilishwa hatamdhania mwizi. Lakini angalia mpangilio. Woga wa kuitwa mwizi unaanza pale kitu cha uongo kinapopelekwa. Aliyepoteza na kusema nimepoteza ni mtu mwenye hasara. Aliyepoteza akaandika kwamba kishikizo kimevunjika amekwisha kujiweka upande wa pili, na kila siku inayopita inafanya kusema kweli kuwe ghali zaidi. Mficha uchi hazai. Methali hiyo huimbwa kwa wanaoficha maradhi, nami sijaona kisa kinachoistahili kuliko hiki.

Mbona basi hawakusema? Kwa Mathilde sababu tumekwisha kuiona: ni Jeanne. Kwa mtu baki angeweza kujitupa miguuni. Kwa mwenzake wa darasa moja, mwenye kabati la kioo na sanduku la vito, kusema "nimepoteza na siwezi kulipa" kulikuwa kuthibitisha kile alichokikimbia maisha yake yote. Kwa Loisel ni jambo lingine, na wahakiki humwachilia kirahisi mno. Huyu ni karani. Kazi yake ni kuandika barua zinazosogeza mambo mbele. Aibu ikampata, akafanya anachokijua: akatunga barua. Katika hadithi nzima ni mara hii moja anapotoa amri na mkewe akatii bila neno, na amri hiyo ndiyo iliyowazamisha.

Wiki ikapita, Loisel akazeeka miaka mitano, akasema tutafute namna ya kuurudisha. Ndipo wakaenda kwa yule sonara ambaye jina lake lilikuwa ndani ya kijaluba.

Rudi kwenye neno lake sasa. Anasema mkufu hakuuza yeye, kijaluba tu ndicho chake. Nani hununua mkufu wa maelfu mahali pamoja na kijaluba mahali pengine? Kito cha thamani hutoka dukani na nyumba yake. Kito kinachotafutiwa nyumba baadaye, tena nyumba yenye jina la sonara mzuri, ni kama saa ya bandia ndani ya sanduku la saa ya kweli. Tena hawa walikuwa Paris, mji ambao Georg Friedrich Strass, aliyefariki mwaka 1773, alijipatia umaarufu humo kwa kutengeneza vito vya kioo chenye risasi vilivyong'aa kama almasi, hata vikabeba jina lake. Zaidi ya miaka 100 baada yake mwanamke yeyote wa mji alijua kuna almasi na kuna strass. Mathilde naye alijua, haiwezekani asijue. Lakini ili uulize "je, ulikuwa wa kweli?" ni lazima uweze kumkabili mwenye nao, na mlango huo walikwisha kuufunga kwa barua. Baada ya hapo hata dalili ikiwapigia kelele masikioni haikuwa na pa kuingilia.

Sonara kwa sonara, hadi Palais-Royal, wakapata mkufu uliowaonekania sawasawa na ule. Bei 40,000, wataachiwa kwa 36,000. Loisel akamsihi sonara asiuuze kwa siku tatu, na akapata sharti: ule wa kwanza ukionekana kabla ya mwisho wa Februari, huu utapokelewa tena kwa 34,000. Mpatanaji mzuri, huwezi kumnyima. Alijikinga na kila ajali isipokuwa ile ya kwamba yeye mwenyewe amekosea.

Kurasa 72,000

Tunaambiwa kwa upesi, kama jambo la pembeni, kwamba Loisel alikuwa na faranga 18,000 alizoachiwa na baba yake. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu. Mishahara ya zaidi ya miaka mitano ya karani mkuu! Mke amelia kwa gauni la 400, mume amesawajika, na fedha hizo zote zilikuwepo. Kama Mathilde alijua, hadithi haisemi. Hata kama alijua, ni dhahiri katika nyumba ile urithi haukuwa kitu cha kuzungumzwa wakati wa mchuzi.

Zilizobaki, 18,000 nyingine, alizikopa. 1,000 kwa huyu, 500 kwa yule, louis tano hapa, louis tatu pale, yaani faranga 100 na faranga 60. Akatia sahihi hati za deni, akaingia kwa wala riba wa kila namna, akaweka rehani umri wake uliobaki bila kujua kama ataweza kulipa. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Alipopelekewa mkufu, Bi. Forestier alisema kwa ubaridi, "Ungeurudisha mapema zaidi, ningeweza kuuhitaji." Hakukifungua kijaluba.

Yeye naye ana sehemu yake. Kwa miaka 10 almasi za kweli zimelala kabatini mwake mahali pa vioo, naye hakutambua. Kioo kina tabia ya kukwaruzika na kufifia, almasi haina. Ama hakuwahi kuuvaa, ama jicho la tajiri si jicho la sonara. Na usiku ule wa wizara, ukumbi mzima wa wakubwa ulimzunguka mwanamke mwenye vioo shingoni bila mtu kuinua nyusi. Kule ambako Mathilde aliogopa kupimwa, hapakuwa na mwenye mizani. Mambo haya humfanya Maupassant awe mkali kwa tabaka la juu kuliko kwa karani na mkewe, ingawa kwa kuwa hapazi sauti watu humsoma kama anamcheka mwanamke tu.

Kisha miaka 10. Msichana wao wa kazi, Mbretoni, yaani mtu wa jimbo la Bretagne, akaachishwa. Wakahamia chumba cha chini ya paa. Mathilde akaosha sufuria hadi kucha zake za waridi zikaharibika, akafua, akashusha taka kila asubuhi na kupandisha maji, akisimama kila ghorofa apumue. Akaenda sokoni na kikapu mkononi, akipatana bei, akitukanwa, akiitetea senti moja moja. Mwandishi anasema aliichukua sehemu yake kishujaa, na neno hilo hakuliweka kwa kejeli. Yule wa darini ana uwezo ambao yule wa mezani hakuwahi kuuonyesha, na sijui kwa nini insha za shuleni huupita upande huu kama aya ya kujazia.

Loisel jioni alitengeneza hesabu za mfanyabiashara, na usiku mara nyingi alinakili maandishi kwa senti 25 ukurasa. Fanya hesabu yake. Kurasa nne ni faranga moja. Faranga 18,000 ni kurasa 72,000. Kwa miaka 10, kama angeilipa kwa kunakili peke yake, ni kurasa karibu 20 kila usiku, bila Jumapili wala kuugua, na hapo riba haijaguswa. Mtu yule aliyesoma mistari michache ya uongo ili mkewe aiandike ndiye aliyehukumiwa kunakili maneno ya watu wengine usiku kwa usiku.

Wapo wanaosema mwisho wa hadithi hii ni mzungu wa karata, mwandishi katuficha jambo ili atushtue. Sikubali. Kijaluba kilitajwa waziwazi. Wepesi wa Jeanne ulionyeshwa. Na msomaji wa Maupassant wa 1884 aliyesoma Les Bijoux mwaka uliopita alikuwa na onyo mkononi: humo karani aitwaye Lantin anafiwa na mke aliyependa vito "vya bandia", anavipeleka kuuza kwa dhiki, na masonara wanamwambia ni vya kweli, jumla faranga 196,000, ambazo mshahara wake haukuzinunua. Hadithi ile ni hii imegeuzwa ndani nje. Katika zote mbili, mume na mke wanalala kitanda kimoja, na mtu anayejua kilichomo nyumbani ni sonara.

Jumapili moja, deni limekwisha, Mathilde anatembea Champs-Élysées kujipumzisha na kazi za wiki. Anamwona Jeanne na mtoto, bado kijana, bado mzuri. Amwambie? Naam, sasa amekwisha kulipa, atamwambia yote. Soma tena: sasa. Kweli ile ilipokuwa na thamani ya faranga 35,500 haikusemeka. Ikasemeka siku ilipokuwa haina tena cha kumwokolea.

Jeanne hamtambui, anashangaa mwanamke huyu wa hali ya chini anamwitaje kwa jina. Kisha anapiga ukelele: "Maskini Mathilde wangu, umebadilika mno!" Mathilde anasimulia. Wakati mwenzake anauliza, "Unasema ulinunua mkufu wa almasi kurudisha wangu?", anajibu, "Ndiyo. Hukutambua, eh? Ilifanana sana." Na anatabasamu kwa furaha ya majivuno na ya kitoto. Baada ya kucha kuharibika, baada ya ndoo zile, kitu cha kwanza anachojivunia mbele ya Jeanne ni kwamba alimdanganya vizuri.

Jeanne anamshika mikono yote miwili. Wake ulikuwa wa bandia, hauzidi faranga 500.

Maupassant anakata hapo, na wasomaji hubaki wakiuliza kama Jeanne ataurudisha mkufu. Mimi huwa namfuata Mathilde akipanda ngazi kurudi chumba cha chini ya paa. Loisel hayumo katika ukurasa wa mwisho. Huenda yuko mezani na karatasi zake, hana habari. Mkewe anaingia mlangoni, na kwa mara ya pili katika maisha yao kuna jambo juu ya mkufu ambalo mtu mmoja analijua na mwingine halijui.